Boriti Ndiyo Iliyochora Chumba

Chukua futi kamba, ingia nyumba yoyote ya kale ya mawe kule Lamu, Pate au Mji Mkongwe wa Unguja, upime chumba kwa upana, ukuta hadi ukuta. Mara nyingi utasoma mita 2.5 au 2.8, ikizidi sana ni tatu. Sasa pima urefu wake. Huko hakuna kipimo cha kudumu: mita sita, nane, kumi, kwa kadiri ya kiwanja na mfuko wa mwenyewe. Toka, ingia kwa jirani, upime tena. Kisha nenda Gedi, karibu na Malindi, ukapime vyumba vya magofu yaliyohamwa tangu karne ya 17. Upana ni ule ule.

Waliojenga nyumba hizi hawakuwa maskini. Walipachika kauri za China ukutani, wakachonga plasta ya chokaa mpaka ikafanana na taraza, wakaagiza nguo na vyombo kutoka India. Aliyetaka mlango wa msaji aliupata. Lakini chumba cha upana wa mita tano hakikununulika hata kwa fedha yote ya pembe za ndovu. Kilichoweka mpaka kilikuwa juu ya vichwa vyao, kimepangwa safu safu darini: boriti ya mkoko.

Kwa desturi ya magazeti yetu, ukiandika habari za Mji Mkongwe unaandika milango. Wageni nao wanapiga picha milango. Mimi ningekuwa mtembeza watalii ningewaomba wainue macho. Mlango unakueleza mwenye nyumba alitaka aonekane nani. Dari inakueleza nyumba ilijengwaje, na kwa nini imekuwa na umbo hilo na si jingine.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alipofika pwani hii alikuta Kilwa imejengwa kwa miti na kuezekwa kwa majani, na misikiti ya Mombasa nayo ya miti, imara. Wanaakiolojia wamefukua majengo ya mawe ya umri huo na zaidi, kwa hiyo huenda msafiri yule hakuona yote au hakujali kuandika yote. Hata hivyo hakukosea sana. Hata pale ukuta ulipogeuka kuwa wa matumbawe na chokaa, kila kilicholala juu ya watu, yaani dari, sakafu ya ghorofani na paa, kiliendelea kubebwa na miti. Jiwe la matumbawe ni hodari likigandamizwa, lakini likilazwa juu ya nafasi tupu na kubebeshwa mzigo hukatika. Hapo ndipo mkoko unapoingia.

Wakata miti wa Lamu wana majina ya kila unene wa mti wa mikokoni. Ule mwembamba kabisa ni fito. Ukinenepa kidogo ni pau, kisha mazio, kisha boriti yenyewe, ambayo kipenyo chake ni sentimita kama 11 hadi 13 na ushei. Juu yake kuna nguzo, na yapo magogo makubwa zaidi yanayoitwa banaa. Huuzwa kwa korija, miti 20 kila korija. Mtu akitaja ukubwa, fundi anajua mara moja mti ule utafanya kazi gani: fito za kufuma ukuta wa udongo, pau za kupaulia, boriti za dari. Ni orodha ya bidhaa, na papo hapo ni mwongozo wa uhandisi ambao haukuhitaji kitabu.

Mti huo haukubaki kwetu. Mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, alieleza kuwa nyumba za bandari ya Siraf, upande wa Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyotoka nchi ya Zanji. Karne kumi baadaye biashara ilikuwa hai bado. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alikuwa ndani ya jahazi la Wakuwait lililoingia delta ya Rufiji kupakia miti ya mikoko na kurudi nayo Ghuba kwa upepo wa kusi. Kule Kuwait mti huo huitwa chandal, nao ulifanya kule kazi ile ile ulioifanya Lamu: ukaamua upana wa vyumba. Nyumba za kale za Kuwait, Bahrain na pwani ya Oman zina vyumba virefu vyembamba vya mita kama tatu, katika nchi ambazo mkoko wa kiasi hicho hauoti. Umbo la nyumba lilisafirishwa likiwa limefungwa ndani ya mzigo.

Kwa nini mita tatu na si tano? Sababu ya kwanza inaonekana kwa macho: kupata kipande cha mkoko kilichonyooka, chenye unene unaokaribiana ncha hadi ncha, kirefu zaidi ya hapo, ni taabu. Sababu ya pili ni mgongo wa mchukuzi. Mkoko ni mti mzito, na miti ile ilitolewa matopeni kwa mikono, ikapakiwa mashuani, ikapita vichochoroni mabegani mwa watu.

Ya tatu ni hesabu, na hii ndiyo ninayoiona nzuri kuliko zote. Tuchukue boriti mbili za unene mmoja. Moja ivuke mita 2.5, nyingine mita 5, na kila mita ibebe uzito sawa. Mtu angedhani ile ndefu itapinda mara mbili ya mwenzake. Itapinda mara 16. Kupinda kwa mhimili hupanda kwa urefu ukizidishwa kwa wenyewe mara nne, kwa hiyo kila shubiri unayoongeza inakugharimu kuliko ile iliyotangulia. Na mzigo wenyewe haukuwa mwepesi. Juu ya boriti zilipangwa vipande vya matumbawe, juu yake kifusi na chokaa, kisha watu wakapanda na vijiti kuitwanga dari kwa siku nyingi, mapigo yakifuata nyimbo, mpaka ikashikana. Tabaka la sentimita 20 la namna hiyo, kwa hesabu ya haraka, linazidi kilo 300 kwa kila mita ya mraba kabla hata kitanda hakijawekwa. Mafundi hawakuandika kanuni hiyo popote. Waliijua kutokana na dari zilizoinama.

Uzito ule pia haukuwa wa bure. Sakafu ya mti mtupu ni ngoma: mtoto akikimbia juu, wa chini anahesabu hatua. Chokaa na mawe vilinyamazisha nyayo, vikazuia joto la jua la saa nane lisiteremke chumbani, na moto ukiwaka chini ulipata tabu kupanda juu. Kazi tatu kwa tabaka moja. Tuishike hesabu hiyo, maana tutaikuta tena Norwei.

Sasa tazama ramani ya nyumba ya Lamu kwa jicho la boriti. Kwa kuwa upana ni mdogo na urefu ni huru, nyumba inakuwa safu za kuta sambamba, kila ukuta ukiwa na unene wa karibu nusu mita na ukibeba ncha za boriti za pande zote mbili. Unaingia dakani, unapita tekani, unatokea kiwandani palipo wazi kwa mbingu. Mbele yako kuna msana wa tini, nyuma yake msana wa yuu, na nyuma yake tena ndani. Kila ukivuka ukuta unazidi kwenda kwenye giza na faragha. Wataalamu wa utamaduni wameandika mengi juu ya stara, juu ya mgeni kuishia nje na mwali kukaa ndani, na sina ugomvi nao. Nasema tu kwamba mti ulitangulia. Watu waliopewa vyumba vyembamba vilivyofuatana walikaa wakafikiri namna bora ya kuvitumia, wakapanga heshima kwa kina cha nyumba badala ya kwa upana wake. Jamii nyingine ingepewa boriti ndefu, pengine stara ingetafutiwa umbo jingine.

Hata mtaa ulitii. Pale Lamu utaona chumba kinachopita juu ya kichochoro, kikiunganisha nyumba mbili za ndugu ili wanawake wavuke bila kushuka njiani. Huitwa wikio. Linawezekana kwa sababu kichochoro hakizidi urefu wa boriti. Panua njia ipite gari, na wikio linakufa.

Walikuwapo waliojaribu kukwepa. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulipoongezwa ukumbi mkubwa upande wa kusini, mafundi waliacha boriti wakatumia matao na kuba, kwa sababu kuba hubeba kwa kugandamiza na matumbawe hupenda kugandamizwa. Lakini kuba hutaka nguzo nyingi, na ukisimama ndani ya magofu yale unaona nguzo kila baada ya hatua chache. Mwaka 1883 Sultani Barghash wa Zanzibar alipojenga jumba la Beit al-Ajaib alikuwa na kitu ambacho Kilwa haikuwa nacho: chuma kilichoyeyushwa viwandani. Nguzo za chuma ziliinua varanda pana kuzunguka jengo zima, dari zikaenda juu kuliko mazoea ya mji, na ndani yake ukaingia umeme kabla ya jengo lolote Zanzibar, pamoja na lifti. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Zege na nondo vilipofika baadaye, chumba cha mraba kikawa jambo la kawaida, na boriti ikarudi kwenye mabanda na majukwaa ya ujenzi. Kenya ilizuia kuuza miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982.

Hadi hapa nimezungumzia mifupa. Nyumba ina mishipa pia, na mishipa ndiyo inayoiua.

Mishipa ya nyumba ya kale ilikuwa michache na ilijulikana mahali pake. Maji ya kuogea na kutawadhia yalikaa kwenye birika, na ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, wakiwa na bakuli la kauri sakafuni pa kujibania maji yakipungua. Choo kilikaa pembeni, kimeshika ukuta mnene wa nje, cha ghorofani juu ya cha chini, na tundu lake lilishuka moja kwa moja shimoni ndani ya unene wa ukuta. Hakuna maji yaliyosafiri kwa ulalo juu ya dari ya chumba cha kulala. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 msanifu Louis Kahn alipata sifa duniani kwa maabara yake ya Philadelphia, ambako mabomba, hewa na ngazi alivitenga katika minara yake, akigawa majengo katika nafasi zinazohudumiwa na nafasi zinazohudumia. Ni wazo kubwa na sifa alistahili. Ila mwashi wa Pate angelisikiliza wazo hilo akauliza, kwani wengine wanafanyaje?

Wengine tunafanya hivi. Nyumba ya ukoo mmoja inagawanywa kwa familia nne au tano, jambo lililotokea sana Mji Mkongwe baada ya mwaka 1964. Kila familia inataka jiko na choo chake. Fundi bomba anaitwa. Ramani hana, na mwenye nyumba hana, kwa hiyo anatoboa palipo laini: katikati ya dari. Bomba la maji safi linapita juu ya boriti, la maji machafu linapita chini yake, na pale linapokataa kupita boriti inachongwa kidogo ipishe. Kuchonga huko mara nyingi huwa upande wa chini, katikati ya urefu, mahali ambapo nyuzi za mti zinavutwa kuliko popote. Ukitaka kutoboa mti unaobeba, tundu dogo katikati ya kina chake ndilo lenye madhara machache. Ukingo wa chini hauguswi. Seremala mzuri anajua hilo. Fundi bomba hakufundishwa, na hakuna aliyewakutanisha.

Hata hivyo tundu si adui mkubwa. Adui ni tone. Mti hauozi kwa unyevu wa hewa. Hewa ya Unguja yenye unyevu wa asilimia 80 huufanya mti utulie kwenye kiasi cha maji cha karibu asilimia 16, na chini ya asilimia 20 kuvu wa kuozesha hawana maisha. Ndiyo sababu boriti kavu inaweza kukaa darini miaka 200 ikiwa ngumu kiasi cha kupinda misumari. Lakini bomba linalovuja polepole hupeleka maji ukutani, ukuta hupeleka maji kwenye ncha ya boriti iliyozikwa ndani yake, na ncha huoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Ukuta ukiwa wa chokaa hupumua, unakauka mvua ikipita. Ukipigwa plasta ya saruji ili upendeze, unyevu unafungiwa. Kwa nje nyumba inaonekana imekarabatiwa, huku ndani boriti imeshikilia kwa sentimita chache za mti mzima. Mamlaka iliyoundwa mwaka 1985 kuuhifadhi Mji Mkongwe imekuwa na kazi isiyokwisha, na mafundi wake wakongwe wana kipimo chao: hugonga ncha ya boriti kwa nyundo, wakasikiliza kama inajibu kwa sauti ya mti au ya ganda.

Ningeishia hapo kama mti ungekuwa habari ya zamani. Haiko hivyo. Viwanda vya Ulaya vimeurudisha mjini kwa sura nyingine. Otto Hetzer wa Weimar alipata hataza mwaka 1906 ya kugandisha mbao kuwa mhimili mmoja mrefu, hata wa kupinda, na tangu hapo urefu wa mti haukuwa tena urefu wa boriti. Kisha katika miaka ya 1990, huko Austria na Ujerumani, likaja bapa: mbao zinagandishwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikatiza lile lililo chini yake, kama plaiwudi iliyonenepa mpaka ikawa ukuta au sakafu nzima. Ghafla nyumba ya mti ingeweza kupanda ghorofa nane, kumi na nne, kumi na nane.

Mtu angetarajia kwamba hapo mti umeacha kutoa amri. Twende Vancouver, Kanada, kwenye bweni la wanafunzi liitwalo Brock Commons, lililokamilika mwaka 2017: ghorofa 18, mita 53. Sakafu zake ni mabapa ya milimita 169 yaliyolazwa moja kwa moja juu ya nguzo za mbao zilizogandishwa. Nguzo zimepangwa kwa mita 4 upande mmoja. Upande wa pili ni mita 2.85.

Nilipoiona namba hiyo nilicheka. Upana wa msana wa Lamu! Sababu ni tofauti, lakini ni ya ukoo mmoja: 2.85 ndio upana wa bapa lililoweza kutoka kwenye mashine ya mtengenezaji na kusafirishwa. Zamani ilikuwa kimo cha mkoko na bega la mchukuzi. Leo ni mdomo wa mashine na kitanda cha lori. Msanifu alianza na kipimo hicho, na vyumba vya wanafunzi vikakaa ndani yake.

Lililonivutia zaidi ni namna walivyoipangia mishipa. Wasanifu waliamua sakafu isiwe na mihimili kabisa, bapa likae juu ya nguzo tupu, na sababu mojawapo ikawa mabomba na nyaya: dari ikiwa tambarare, bomba linapita bila kukutana na boriti ya kuchongwa. Kila tundu la kila bomba lilitobolewa kiwandani kwa mashine ya kompyuta kabla bapa halijapakiwa. Ili hilo liwezekane ilibidi jengo zima lichorwe kwanza kwenye kompyuta, hadi bomba la mwisho, wakati kiwanja kingali udongo. Matokeo yake mifupa ya mbao ilisimama kwa chini ya siku 70. Kasi hiyo husifiwa sana. Husahaulika kwamba ililipiwa mapema, kwa miezi ya watu kukaa mezani: mhandisi wa miundo, wa maji, wa umeme na wa hewa, wakigombania kila sentimita kabla ya mti kukatwa.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya mti na zege kwa msanifu. Zege ni pole. Ukikosea, unaleta nyundo ya umeme, unatoboa, unaziba. Bapa la mti linalobeba, lenye kazi ya kuzuia moto na sauti, halivumilii fundi wa dakika ya mwisho. Mbao nene ikiungua hufanya kaa kwa mwendo unaojulikana, karibu milimita 0.7 kwa dakika, na kaa hilo hulinda mti wa ndani. Mhandisi huongeza tu unene wa kuungua kwa saa moja, milimita kama 40, halafu analala usingizi. Tundu la bomba lisilozibwa sawasawa linaiharibu hesabu yote hiyo, kwa kuwa moto na moshi havihitaji kula ukuta kama vimepewa njia.

Na ile hesabu ya chokaa? Brock Commons wamemwaga zege nyembamba juu ya mabapa. Kule Brumunddal, Norwei, mnara wa Mjøstårnet uliokamilika mwaka 2019 una mita 85.4, mifupa yake ni ya mbao, lakini ghorofa saba za juu kabisa zimewekewa sakafu za zege. Mti ni mwepesi mno. Upepo ungeutikisa mnara kiasi cha wakazi kuhisi, kwa hiyo uzito ukapelekwa juu makusudi. Huko Bergen jengo la Treet, ghorofa 14, lilikamilika mwaka 2015 likiwa na vyumba vilivyotoka kiwandani vikiwa vizima, bafu likiwa ndani tayari, vikapangwa bafu juu ya bafu ili mabomba yashuke wima. Choo cha ghorofani juu ya choo cha chini.

Habari hizi zimefika kwetu kwa mlango wa mbele. Huko Fumba, kusini mwa Mji Mkongwe, umetangazwa mradi wa Burj Zanzibar, mnara wa mbao wenye kiini cha zege, ghorofa 28, mita 96. Mazungumzo niliyoyasikia juu yake ni mawili tu: urefu, na mchwa. Mchwa wana dawa na wana ukaguzi. Swali langu ni viyoyozi.

Katika nyumba ya Norwei, joto liko ndani na baridi iko nje. Mvuke wa jikoni na wa pumzi za watu husukumwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo wajenzi wa kule huweka ngozi ya kuzuia mvuke upande wa ndani wa ukuta, usije ukaingia kwenye mti na kugeuka maji. Pwani yetu mambo yamepinduka. Hewa ya nje ina joto na imejaa maji. Ndani mtu amewasha kiyoyozi akakiteremsha hadi nyuzi 18. Mvuke unasafiri kutoka nje kuingia ndani, unakutana na ngozi ile ile iliyo baridi, na pale unatoka jasho kama chupa ya soda mezani, ndani ya ukuta, dhidi ya mti. Ukinakili ukuta wa Oslo kwa uaminifu, tabaka kwa tabaka, ukausimamisha Unguja, umetengeneza mtambo wa kuozesha mbao. Tabaka linatakiwa lihamie upande wa pili, au ukuta uachwe upumue na baridi ipunguzwe. Vilevile kila kiyoyozi hutoa maji yake mwenyewe, ndoo kadhaa kwa siku katika msimu wa joto, na maji hayo yanataka bomba lenye mteremko. Tazama ukuta wowote wa ofisi za Dar es Salaam uone michirizi ya kijani chini ya vibomba hivyo. Zege hustahimili uzembe huo kwa miaka. Ncha ya mhimili wa mbao haitastahimili.

Suluhisho mojawapo halina teknolojia mpya ndani yake. Varanda pana inayozunguka jengo, kama ile ya Barghash, hukinga ukuta dhidi ya jua na mvua ya kusi, hupunguza haja ya kiyoyozi, na hutoa mahali pa wazi pa kupitishia mabomba ambapo bomba likivuja linaonekana siku hiyo hiyo. Inagharimu eneo ambalo lingeuzwa kama sebule, na hapo ndipo mradi wowote wa biashara utakapojaribiwa.

Kwa sasa, kazi nyingi za mbao zinazofanywa nchini Tanzania hazihusu minara. Ni kenchi za paa, misonobari ya Mufindi, mbili kwa nne na mbili kwa sita, juu ya kuta za tofali. Hapo pia fundi umeme hupita mwisho, akitoboa kenchi popote waya ulipomfikisha, na tangi la maji la lita 1,000, yaani tani nzima, hupandishwa juu ya mbao ambazo hakuna aliyezihesabia kitu zaidi ya bati. Mafundi wa paa ninaowafahamu hulalamika kwamba tangi huwa halimo kwenye ramani. Huwa ni kweli. Wateja hulinunua wakishahamia, mwezi wa kwanza maji yakikatika, na kuanzia hapo kinachoamua mahali pa kulikalisha ni urefu wa ngazi aliyokuja nayo fundi bomba.